Ukingo wa Dari

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Warumi 14:1 hata 15:3



Katika Kumbukumbu la Torati imo amri moja fupi ambayo wengi wetu huipita upesi tusomapo, kwa kuwa twaidhania kuwa ni habari ya waashi tu. Mose awaagiza Waisraeli ya kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, na afanye ukingo kuizunguka dari yake, asije mtu akaanguka kutoka juu na nyumba ile ikapata hatia ya damu.

Sisi tukaao chini ya mabati na makuti huenda tukauliza: Ni nani atembeaye juu ya paa hata aanguke? Lakini nyumba za nchi ile zilikuwa na dari iliyo sawa, kama nyumba za mawe za kale za Unguja na Lamu. Jua lilipokuchwa watu walipanda kupunga upepo. Huko walianika vitu vyao, na wakati wa joto walilala huko. Hata Mtume Petro alipokuwa Yafa alipanda darini ili asali. Basi dari ilikuwa mahali pa watu, na penye watu pana wajibu.

Tutazame mambo matatu katika amri hii. La kwanza, ukingo haujengwi kwa ajili ya mwenye nyumba. Yeye aijua dari yake. Hata usiku wa giza miguu yake yajua mwisho wake ulipo. Ukingo hujengwa kwa ajili ya mgeni, na mtoto, na mzee ambaye macho yake yamepungua. La pili, mwenye nyumba ndiye aamriwaye kujenga. Hatusomi popote ya kwamba mgeni aliambiwa aje na ukingo wake kichwani. La tatu, ukingo hujengwa kabla mtu hajaanguka. Akiisha kuanguka, hata ukijenga ukuta mrefu kama mnara, yule aliyelala chini haondoki.

Wapendwa, tuyashike mambo haya matatu mkononi kama mtu ashikavyo kipimo, maana twataka kuyapima mambo yaliyotupata sisi wenyewe katika miaka ya ugonjwa wa korona. Tunayaandika si kwa kufukua kaburi, bali kwa kuwa jeraha likifunikwa na vumbi tu halijapona.

Mwayakumbuka mambo yalivyokuwa. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza ya kwamba mgonjwa wa kwanza ameonekana katika nchi yetu, msafiri aliyerejea kutoka Ubelgiji na kupimwa Arusha. Siku iliyofuata ikaamriwa shule zifungwe. Nyumba za ibada hazikufungwa, nasi tulimshukuru Mungu kwa hilo, ijapokuwa hatukuwaza sana jinsi tutakavyowalinda watu watakaoingia. Mwezi wa Aprili wakazi wa Dar es Salaam wakaagizwa kuvaa barakoa waendapo penye watu wengi, na daladala zikaamriwa zisipakie abiria kuzidi viti. Milangoni pa maduka, na masoko, na makanisa, zikawekwa ndoo za maji na sabuni.

Neno lenyewe barakoa lilikuwa la kale katika pwani yetu. Wazee walilijua kuwa ni kifuniko cha uso cha wanawake. Sasa lilimhusu kila mtu. Mafundi cherehani wa Tandika na Mbagala, na wa Tandale na Mwananyamala, wakashona barakoa za vitenge mchana na usiku. Lakini amri ikitii jicho la askari tu haifiki moyoni. Tuliona kwa macho yetu vijana wakiazimana barakoa moja mlangoni pa daladala. Huyu akishuka aivua, yule apandaye aivaa. Amri ilitimizwa, na ugonjwa ulipewa njia iliyo fupi zaidi.

Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ilifika wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo hesabu haikutolewa tena kwa muda uliozidi mwaka mzima. Mwezi wa Juni shule zikafunguliwa, ikatangazwa ya kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi ya watu. Barakoa zikavuliwa, ndoo za milangoni zikakauka, nyingine zikaibiwa. Hata mwanzo wa mwaka 2021, watu wenye kubanwa kifua wakaongezeka, na misiba ikafuatana. Maaskofu Wakatoliki wakatoa waraka wa kuwaonya waumini wao, nao viongozi wa Kanisa letu wakatuhimiza tujikinge. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza ya kwamba ameambukizwa. Jumapili ya tarehe 21 mwezi uleule, Rais Magufuli alisema kanisani Dar es Salaam ya kwamba serikali haikukataza barakoa, akawahimiza watu watumie zile zilizoshonwa nchini. Tarehe 17 Machi yeye naye alifariki, na nchi ikatangaziwa ya kwamba ni kwa maradhi ya moyo. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya watu wote.

Hayo ndiyo mambo ya nchi. Sisi si waamuzi wa wakuu, wala si kazi ya gazeti hili kuwahukumu waliokwisha kusimama mbele ya Hakimu wa wote. Sisi twataka kuyatazama yaliyotukia mlangoni petu, katika usharika mmoja wa upande wa Temeke ambao tulipewa kuuchunga. Maana hukumu, asema Mtume Petro, huanzia nyumbani mwa Mungu. Nasi tutaanza na kosa letu sisi tuandikao maneno haya.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili 2020 baraza la wazee lilipatana ya kwamba mtu asiye na barakoa asiingie kanisani. Sisi tulilitangaza neno hili kwa sauti kuu, tukawaweka vijana wawili mlangoni. Ikaja kwa miguu mama mmoja mjane, muuza vitumbua, ambaye kwa miaka mingi hakukosa ibada hata moja. Wakati ule biashara yake ilikuwa imelala, kwa kuwa shule zilifungwa na watoto ndio waliokuwa wanunuzi wake. Bei ya barakoa mbili ilikuwa kama bei ya kilo ya unga, naye nyumbani alikuwa na wajukuu wanne. Vijana wakamzuia. Akatuangalia sisi tuliosimama ndani na vazi letu la kichungaji, nasi tukamwonyesha kwa mkono ya kuwa sheria ni sheria. Akaketi chini ya mwembe, akasikiliza neno la Mungu kupitia dirishani, na wakati wa sadaka akamtuma mtoto alete sarafu yake. Tuliipokea sarafu. Yeye hatukumpokea. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye.

Baada ya miezi mingi tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alitukaribisha kwa heshima, akatupa kiti pekee alichokuwa nacho, akasema: "Baba Mchungaji, mimi sikuikataa sheria. Nilidhani nikifika nitakuta hata kipande cha kanga nijifunge. Nyumba ni yenu." Tulikaa kimya. Neno lile "nyumba ni yenu" lilitupeleka moja kwa moja kwenye Kumbukumbu la Torati. Mwenye nyumba ndiye aamriwaye kujenga ukingo. Sisi tulimtaka mgeni aje na ukingo wake, na alipokosa tukamwacha nje. Tena tulijiona kuwa tumefanya kazi njema ya kulinda roho za watu. Katika kabati la vyombo vya ibada kulikuwa na vitambaa vya kutosha kushona barakoa mia. Hakuna aliyelifungua kabati lile.

Wahenga husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheria ya Mose yaongeza upande wa pili: mwenyeji afanye kazi, ili mgeni naye apone. Kila mara tuwawekeapo watu mzigo kwa ajili ya usalama wa wote, yatupasa tujiulize kwanza kama sisi tumeutia bega.

Hilo lilikuwa kosa la wakati wa amri. Sasa tusikie kosa la wakati amri ilipolegea.

Katika usharika wetu yuko mwinjilisti mmoja mzee, aliyekwisha kupumzika kazi. Mkewe alikuwa na pumu tangu ujana. Barakoa zilipovuliwa na watu wote, mzee huyu hakuivua yake, wala mkewe hakuivua. Wakaanza kuchekwa. Wengine walisema: "Mzee, wewe uliyetuhubiria imani miaka thelathini, leo waogopa mafua?" Wengine walinena kwa siri ya kwamba avaaye barakoa ataka kuwatia watu hofu na kuipinga serikali. Kijana mmoja wa kwaya, mjuzi wa kusoma Maandiko, alimtajia sura ya 13 ya Walawi, pale mwenye ukoma aamriwapo kufunika mdomo wake, na watu wakacheka. Siku moja ndugu mmoja aliomba mbele ya usharika wote, akimsihi Bwana awafungue vinywa wale waliomfungia Roho kwa kitambaa. Sote tulijua alimsema nani. Nasi tuliitikia "Amina".

Lakini kuna zaidi. Mwezi wa Januari 2021 mzee mmoja wa kanisa alitujia faraghani, akasema ya kwamba barakoa ya mchungaji mimbarini yawavunja watu moyo. Jumapili ile tuliivua. Hatukuivua kwa imani, maana imani haikutuambia neno. Tuliivua kwa kuogopa macho ya watu, na macho ya watu yalikuwa yaleyale yaliyotufanya tuivae mwaka uliotangulia. Mzee wetu mwinjilisti alituangalia kutoka benchi la nyuma, akiwa peke yake na mkewe, na barakoa zao za kitenge.

Mwanzoni mwa Februari yule kijana wa kwaya alikwenda nyumbani kwa mzee kupanga nyimbo za Kwaresima, naye alikuwa na mafua na kikohozi. Mzee akampa barakoa mlangoni. Kijana akacheka, akaitia mfukoni, akaingia, akaketi karibu na mama muda wa saa mbili. Baada ya siku chache mama alishikwa na homa na kubanwa pumzi. Siku zile watu hawakutaja jina la ugonjwa; walisema ni changamoto ya upumuaji. Akafariki kabla mwezi haujaisha. Hakupimwa, wala hakuna aliyeuliza kipimo. Tulimzika, tukaimba, tukarudi.

Usiku wa matanga kijana yule alitufuata gizani nyuma ya nyumba, akauliza: "Baba Mchungaji, je, ni mimi?"

Ndugu, sisi tumesoma chuo cha theolojia, tumefundishwa kuwajibu wenye shaka. Swali hili hatukuweza kulijibu. Hatukujua, wala daktari asingejua, maana siku zile ugonjwa ulikuwa sokoni na katika daladala na katika nyumba za kupanga ambamo jamaa sita hutumia choo kimoja na bomba moja. Ugonjwa huu huchukuliwa na pumzi na mate ya mtu anenapo, na akohoapo, na aimbapo. Tena mtu aweza kuwa nao siku mbili tatu kabla hajajisikia kuumwa, akamwambukiza mwenziwe huku akijiona mzima. Kitambaa hakizuii kila kitu. Lakini hupunguza kitokacho kinywani kwa mwenye ugonjwa; kwa hiyo aliyeivaa alimkinga mwenzake kuliko alivyojikinga nafsi yake. Hapo ndipo ilipofanana na ukingo wa dari. Nasi tukawa tumekaa mwaka mzima tukigombana kama mwenye kuivaa ni mwoga au ni shujaa, kana kwamba ilikuwa habari ya mvaaji tu.

Tusemeje basi kwa habari ya imani? Wako waliosema kwa moyo safi: Mungu ndiye alindaye, na ajali haina kinga. Hatuwadharau, maana wengi wao walisali kweli. Lakini tukumbuke ya kwamba Ibilisi alipomweka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, alimtajia ahadi ya kweli iliyomo katika Zaburi, ya malaika walindao. Ahadi ilikuwa njema. Ubaya ulikuwa katika kujitupa. Bwana akakataa kumjaribu Mungu. Hakujitupa, wala hakuna aliyemwambia kuwa imani yake imepungua. Tena tuangalie: Ibilisi alimtaka ajitupe yeye mwenyewe tu. Sisi tuliokataa kila kinga hatukujitupa peke yetu; tulimshika mkono mke wa mwenzetu.

Baba yetu katika imani, Daktari Martin Luther, aliyajua mambo haya kwa kuyaona. Mwaka 1527 tauni iliingia mji wa Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, naye akatakiwa kuondoka. Hakuondoka, alibaki pamoja na Bugenhagen, mchungaji wa mji, wakawahudumia wagonjwa. Mwaka uleule alimwandikia Johann Hess, mchungaji wa Breslau, waliyekuwa wameulizana kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Majibu yake kwa ufupi ni haya: mwenye kazi ya kuwatunza wengine asiiache kazi yake, asiyefungwa na wajibu aweza kuondoka pasipo dhambi, na wote watumie dawa, wasafishe nyumba zao kwa moshi, wasiende pasipo haja mahali penye ugonjwa. Tena aliwakaripia wale wajionao hodari hata wakadharau kila kinga, maana mtu wa namna hiyo aweza kuwaua wengine kwa uzembe wake. Huyu aliyewagusa wagonjwa kwa mikono yake hakuona haya kunena habari za moshi na dawa. Imani yake na kinga yake zilikaa nyumba moja.

Wala ugomvi huu si mpya, wala si wa kwetu tu. Mwaka 1918, homa kuu ya mafua ilipoizunguka dunia, mji wa San Francisco huko Marekani uliwaamuru watu wafunike pua na kinywa. Na mwezi wa Januari 1919 wakatokea watu wakaunda chama cha kuipinga amri ile. Mwanadamu ni yuleyule. Ukimwambia ajenge ukingo, kwanza hukuuliza wewe ni nani hata umwamuru juu ya dari yake.

Kwa hiyo Paulo alipowaandikia Warumi hakuanza kwa kuuliza nani asema kweli juu ya vyakula na siku. Yeye mwenyewe alijua ni nani asemaye kweli, wala hakuficha. Lakini aliona ya kwamba pande mbili zilikuwa zimetenda dhambi mbili: aliye hodari alimdharau ndugu yake, na aliye dhaifu alimhukumu. Wapendwa, sisi tulizitenda zote mbili, tukabadilishana tu majira. Mwaka 2020 wenye barakoa waliwahukumu wasio nazo kuwa ni wauaji, wasiulize kama wana unga nyumbani. Mwaka 2021 wasio na barakoa waliwadharau wenye nazo kuwa ni waoga, wasiulize kama nyumbani kuna mwenye pumu. Mtume atupa neno jingine: tusimtie ndugu kikwazo njiani. Yeye alikuwa tayari kuacha kula nyama, kitu alichojua ni halali, kwa ajili ya ndugu ambaye Kristo alimfia. Sisi hatukuombwa kuacha nyama. Tuliombwa kuvumilia kipande cha kitambaa puani kwa muda wa ibada moja.

Huenda msomaji asema: "Mchungaji, mambo haya yamekwisha." Ni kweli ya kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya dunia tena. Lakini ugonjwa wa Marburg ulitokea Kagera mwaka 2023, ukatokea tena huko mwaka 2025. Na mvua zinyeshapo kwa wingi mabondeni mwa mji wetu twaogopa kipindupindu. Litakuja tena jambo la kutaka tulindane. Tena, wako katika sharika zetu watu ambao hata leo hupeana mkono mlangoni pa kanisa kwa vidole tu, kwa ajili ya maneno yaliyosemwa katika siku zile. Ugonjwa ulipungua, maneno yakabaki.

Basi na tulirudie swali la kijana. Alihamu kuambiwa ya kwamba si yeye. Watu wengi walimwambia hivyo kwa huruma: "Siku ya mama ilikuwa imefika, usijisumbue." Lakini maneno hayo hayakumpa usingizi, kwa kuwa alijua kitu kimoja kwa hakika, nacho ni barakoa iliyokuwa mfukoni mwake. Sheria ya Mungu haikumwambia ya kwamba ameua. Ilimwambia tu ya kwamba dari yake haikuwa na ukingo. Na neno hilo lilitupata sisi pia, na wazee wa kanisa, na ndugu yule aliyeomba, na sote tulioitikia Amina. Hatia ile isingeweza kupunguzwa kwa kugawanywa kati yetu. Kila mmoja alikuwa nayo nzima.

Tulimwambia tuliyotumwa kusema: ya kwamba iko damu moja inenayo mema kuliko damu nyingine zote, nayo yasafisha hata hatia tusiyoweza kuipima. Bwana wetu Yesu Kristo hakungoja tujue kiasi cha deni ndipo alipe. Kisha tukamwambia pia lile neno la mlimani, ya kwamba mtu akumbukapo madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake aende kwanza apatane.

Ikawa Alhamisi Kuu, tarehe 1 Aprili 2021, kabla ya Chakula cha Bwana. Kijana alimwendea mzee alipokuwa akijaza maji ndoo ya mlangoni, maana kazi ile alikuwa akiifanya peke yake tangu watu walipoiacha. Alisimama mbele yake asiweze kunena. Mwisho akasema: "Mzee wangu, ile barakoa uliyonipa sikuivaa." Mzee akajibu: "Najua, mwanangu. Nilikuona." Wakanyamaza. Ndipo mzee akasema: "Kama ilitoka kwako au ilitoka sokoni nilikokwenda mimi kununua samaki, hujui wewe wala sijui mimi, Mungu ajua. Mama alikupenda. Shika ndoo hii upande huo, ni nzito." Wakaibeba pamoja. Usiku ule walipiga magoti upande kwa upande, na wote wawili walikuwa na barakoa, nasi tuliowapa mkate tulikuwa nayo pia.

Hatuwaelezi haya ili mwone ya kwamba mambo yalikwisha vizuri. Mama hakurudi. Mjane wetu wa vitumbua alirudi kanisani, lakini huketi karibu na mlango. Twawaeleza ili mjue ya kwamba Mungu huweza kuanza kujenga hata mahali ambapo mtu amekwisha kuanguka. Ila ni afadhali kujenga mapema.

Kwenu ninyi wainjilisti na walimu wa mitaa twaongeza maneno machache. Likitokea agizo la afya, lisomeni kwa watu kwa upole, mkaeleze sababu zake, maana watu hutii upesi lile walilolielewa. Kabla ya kumzuia mtu mlangoni, wekeni mlangoni kitu cha kumpa: kitambaa, maji, sabuni, kiti cha kivulini panaposikika neno. Akina mama wa usharika wajua kushona; wapeni kazi hiyo kabla ya siku ya hatari. Ndugu asiyeamini agizo lile, msimtaje katika maombi ya hadhara. Mwendeeni nyumbani mkazungumze naye. Ndugu ajikingaye kuliko wengine, msimwulize imani yake i wapi. Mwulizeni ni nani aliye mgonjwa nyumbani kwake. Na ikiwa amri italegezwa na wakubwa huku hatari ingalipo, mjue ya kwamba sheria ya upendo hailegezwi na mtu. Mwenye kuchimba shimo uani kwake hakungojei mjumbe wa nyumba kumi aje ndipo alifunike. Ajua ya kwamba watoto wa jirani hucheza hapo.

Kila mmoja wetu ana dari. Pumzi yetu ni dari, na ulimi wetu, na cheo chetu katika Kanisa. Juu yake hupanda watu wasiojua mwisho wake ulipo. Tujenge, ndugu.

Ee Bwana Yesu, uliyeishusha nafsi yako kwa ajili yetu wala hukujipendeza mwenyewe, utusamehe hatia tunayoijua na ile tusiyoweza kuijua. Uwafariji waliofiwa katika miaka ile wasiruhusiwe hata kutaja jina la ugonjwa. Uwapatanishe waliotengana, utufanye walinzi wa ndugu zetu, hata utakapotukusanya sote katika nyumba ya Baba yako, ambamo hakuna aangukaye. Amina.